Bwawa la Mtaa na Haki za Mto Athi

Swali: Wakazi wa Syokimau waliochoshwa na maji ya maboza wanataka kuweka bwawa dogo kwenye Mto Athi. Waanzie wapi?

Jibu: Waanzie kwenye hesabu ya mto, kabla ya saruji. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kuzuia maji ya mto kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kila mto una akiba isiyogawanywa, kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa mto wenyewe. Matumizi ya nyumbani hutangulia kilimo na viwanda.

Basi walenge maji ya mafuriko ya masika na vuli. Kiangazi, tone wanalozuia ni la mtu mwingine: mto huohuo hupita Makueni na Kitui, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi.

Kwa hiyo wazungumze mapema na jumuiya za watumiaji maji walio upande wa chini wa mto.

Usafi nao usisahaulike. Athi hupokea majitaka ya Nairobi, na hofu ya uchafu huo imeliandama pia Bwawa la Thwake, lililo chini zaidi kwenye mto huohuo na lililoanza kujengwa 2018. Bila mtambo wa kusafisha, maji ya bwawa la Syokimau hayatanyweka.