Tazama Jani Kabla ya Ua: Kutambua Mimea Tambazi Inayostahimili Ukame

Ukiomba kitaluni mmea unaotambaa, wenye majani manene na maua ya waridi iliyokolea, unaweza kupewa wowote kati ya mimea kadhaa. Yote hustahimili jua kali, ila mmoja hufa baada ya msimu, mwingine hudumu miaka, na mwingine huvamia eneo zima. Rangi ya ua haitakuonyesha tofauti hiyo. Fuata hatua hizi.

1. Kata jani katikati. Likiwa bapa, lina umbo la moyo na linametameta, huo ni Mesembryanthemum cordifolium. Likiwa nene lenye pembe tatu, ni Carpobrotus. Likiwa jembamba na la mviringo, endelea na hatua ya pili.

2. Chungulia pale jani linapoungana na shina. Ukikuta vinyweleo vyeupe, ni Portulaca grandiflora. Kama havipo, na majani yamekaa mawili mawili yakielekeana, yaelekea ni Delosperma.

3. Hesabu petali, saa sita mchana jua likiwaka, kwa kuwa mengi ya maua haya hujifunga jioni na siku za mawingu. Portulaca ya kawaida ina petali tano pana. Delosperma na Carpobrotus zina petali nyingi nyembamba.

4. Pima tunda lililokomaa. La Portulaca hubanduka juu kama kifuniko cha chungu. La Delosperma lidondoshee maji: baada ya dakika chache litafunguka mfano wa nyota. Ndivyo mmea unavyosubiri mvua ili mbegu zitoke udongo ukiwa na unyevu. La Carpobrotus lina nyama na halipasuki.

5. Vunja kishina. Ukitoka utomvu mweupe kama maziwa, huenda ni jamii ya Euphorbia. Utomvu huo huwasha ngozi na kudhuru macho. Nawa mikono mara moja.

Ukishautambua, amua pa kuupanda. Portulaca hufaa kwenye vyungu na kingo za njia, ukijua utapanda tena. Delosperma ipewe mteremko wenye kokoto usiotuamisha maji. Penye mchanga wa chumvi, chagua Sesuvium portulacastrum, mwenyeji wa fukwe zetu, mwenye maua madogo ya waridi. Carpobrotus usiipande karibu na ufuo: huko California na kandokando ya Mediterania imeifunika mimea ya asili, na kuing'oa ni kazi kubwa.