Pima Siku, Usihesabu Mikutano

Siku hizi si ajabu kukuta timu ya maji, ya mifugo au ya afya kule Buna, Wajir Kaskazini nchini Kenya, ikisema inafanya kazi kwa mtindo wa ajaili (agile). Ukutani kuna ubao wa vijikaratasi vya rangi, asubuhi kuna kikao kifupi, na kwenye simu kuna kikundi cha WhatsApp chenye watu wengi. Vyote hivyo vinafaa, ila havikuambii kama timu inageuka pale hali inapogeuka. Na huko hali hugeuka kwelikweli. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño na mafuriko yake. Waliokuwa wakipanga malori ya maji wakawa sasa wanatafuta namna ya kuwafikia watu waliozingirwa na maji.

Mtindo huu ulipata jina Februari 2001, pale wataalamu 17 wa programu za kompyuta walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi la thamani nne, lililoambatana na kanuni 12. Thamani mojawapo inaweka kuitikia mabadiliko mbele ya kufuata mpango. Kanuni ya mwisho inataka timu ikae kila baada ya muda, ijitazame, kisha irekebishe mwenendo wake. Mfugaji wa huku hatashangaa. Kabla ya kuhamisha ngamia, familia hutuma sahan, watu wanaotangulia kukagua malisho, maji, magonjwa na mahusiano na majirani, na uamuzi wa kuhama hutokana na habari walizorudi nazo. Kwa hiyo ukiwafundisha watu wa Buna ajaili, anzia hapo, wala usianze na ubao.

Sasa kuhusu kupima. Njia iliyozoeleka ni dodoso: je, timu yenu hushirikiana, jipeni alama kuanzia moja hadi tano. Achana nalo. Watu watajipa nne kwa kumheshimu mkubwa aliyekaa mbele yao, au kwa kuhofia mfadhili, nawe utaondoka na wastani usiokuambia lolote. Chagua tukio moja la karibuni, lililoanza na likaisha, mlifuate siku kwa siku.

Tuseme ni kisima kilichosimama. Tandaza karatasi ya manila kwenye mkeka, waite wote waliohusika, mwandike kilichotokea kila siku. Jumatatu jioni jenereta inakohoa na kuzima. Jumanne mwendesha pampu anamwambia mwenyekiti wa kamati ya maji. Jumatano mwenyekiti anaandika kwenye WhatsApp, ofisa wa maji anamjibu kwa picha ya kidole gumba. Ijumaa barua inafika ofisini Wajir mjini. Wikendi inapita. Jumanne barua inatiwa sahihi. Alhamisi fundi anafika Buna akiwa na mkanda mpya, kumbe kilichokufa ni pampu ya injekta, kwa hiyo anarudi mjini. Maji yanatoka Jumatatu, siku 14 baadaye. Jumlisheni kazi ya mikono iliyofanyika: haifiki siku moja. Zilizobaki zote zilikuwa za kungoja.

Baada ya hapo mpe kila mmoja kokoto tatu, aziweke pale anapoona siku nyingi zilipotelea. Kokoto zinafaa kuliko kalamu kwa sababu asiyejua kusoma anapiga kura sawa na mhandisi. Aanze mwendesha pampu, afuate mama anayeuza maji kioskini, kisha mfugaji. Ofisa awe wa mwisho, maana akitangulia yeye wengine watamfuata. Wekeni pia sharti moja kabla ya kuanza: tunataja siku, hatutaji mtu. Katika eneo ambako kosa la mmoja linaweza kugeuka kuwa neno dhidi ya ukoo wake, sharti hili ndilo linaloruhusu ukweli kusemwa. Likivunjwa, kikao kinakwisha hapo hapo, hata kama chai bado inachemka.

Mara nyingi kokoto hurundikana sehemu mbili: kwenye sahihi, na kwenye kipuri. Kama ndivyo, mmeshapata cha kurekebisha, na hakuna semina ya hotelini itakayowapa zaidi ya hicho.

Kipimo cha pili ni swali moja, na aulizwe mtu wa chini kabisa kwenye timu: ukiona hali imebadilika, unaweza kubadilisha nini leo bila kuomba ruhusa? Mwulize muuguzi wa kliniki tamba. Mpango unasema Alhamisi watoto watachanjwa mahali fulani. Anafika na kukuta maboma yamehamwa, mavi ya ngamia yamekauka, na mzee aliyebaki nyuma anamwonyesha upande familia zilikoelekea. Chanjo zimo kwenye boksi la barafu, na dizeli ipo. Je, anawafuata, au anarudi kuandika kwamba walengwa hawakupatikana? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko ripoti nzima ya robo mwaka. Kama anarudi, usimlaumu. Mwulize mkubwa wake ni nani aliyemwekea mpaka huo, na kwa nini.

Wajir yenyewe ina mfano mkubwa wa timu iliyojua kugeuka. Mapigano ya koo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalipofika hadi sokoni, na wanawake wakakataa kuuziana bidhaa, Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianza 1993 kuzungumza na akina mama wa soko, wakaunda kamati ya kuliangalia soko ili mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue. Mwaka huo huo wazee wakakubaliana Azimio la Al Fatah, lililoweka kanuni za kurejesha amani. Kufikia 1995 juhudi hizo zilikuwa zimeungana na serikali ya wilaya katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, iliyokuwa na timu ya kuitikia haraka yenye wazee, viongozi wa dini, wanawake na maofisa wa usalama. Fukuto liliposikika mahali, timu iliondoka kwenda huko. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Tazama jinsi ilivyoundwa. Watu wenye uwezo wa kuamua walikuwa ndani ya gari. Hapakuwa na haja ya kurudi mjini kumtafuta mzee wa upande wa pili au kuomba idhini ya ofisa, kwani wote walikuwa wamefika pamoja. Na kanuni za kuamulia zilikubaliwa kabla, wakati vichwa vilipokuwa vimetulia. Timu yako ya kisima ikimchukua fundi, mwakilishi wa kamati na mtu mwenye idhini ya kutoa pesa katika safari moja, itaokoa siku ambazo ubao wowote wa vijikaratasi usingeweza kuziokoa.

Hilo la kukubaliana kabla lifanyeni mara moja. Kwa mfano, HSNP, mpango wa pesa taslimu kwa kaya maskini ulioanza katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, umetumia picha za setilaiti za hali ya mimea. Kipimo kikishuka chini ya 20 ukame huhesabiwa kuwa mkali, chini ya 10 huhesabiwa mkali kupindukia, na malipo ya ziada hufuata kiwango kilichokwisha kupangwa. Nanyi jiwekeeni alama zenu za hapa hapa. Simikeni mti wenye mstari wa rangi katikati ya silanga, yaani bwawa la maji ya mvua. Maji yakishuka chini ya mstari, mwenyekiti anaagiza dizeli na vipuri siku hiyo hiyo, haitishi mkutano. Mikokoteni ya punda ikianza kupanga foleni kabla ya alfajiri, saa za pampu zinaongezwa. Taarifa ya ukame ya kila mwezi ya NDMA, mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame, isomeni, ila huja na picha ya kaunti nzima, na silanga lenu linaweza kukauka mapema kuliko wastani.

Pesa nazo zisogee karibu. Kamati inayokusanya ada ya maji inaweza kutenga sehemu yake kwa matengenezo, ikakubaliana kiwango ambacho watu wawili wanaweza kukitoa bila kikao, risiti zikasomwa mbele ya wanakamati mwisho wa mwezi. Kipuri kinachoharibika mara kwa mara, nunueni viwili, kimoja kikae Buna.

Kikao cha kila siku sina mengi ya kukisemea. Kiwe cha dakika 15, kwa lugha wanayoongea watu wenyewe, iwe Kiborana, Kisomali au Kiswahili, na kisiwekwe saa ambazo akina mama wako foleni ya maji. Kama siku tatu zimepita bila kikao kubadilisha lolote katika kazi ya siku hiyo, kifanyeni mara mbili kwa wiki.

Kikao cha kujitazama ndicho cha kupigania. Kifuate misimu, msikifungamanishe na kalenda ya mfadhili: kimoja baada ya mvua za gu, Juni, na kingine baada ya deyr, Januari. Humo chagueni jambo moja la kurekebisha msimu unaofuata. Timu inayochagua mambo saba hurudi miezi sita baadaye na yale yale saba.

Kuna mambo ambayo sitaki yafanywe kwa wepesi. Orodha ya wanaopata msaada, bei ya maji, na mahali pa kuchimba kisima kipya yapelekwe barazani, yasikilizwe na koo zote, hata yakichukua wiki nzima. Kisima kilichochimbwa haraka mahali penye mgogoro kinaweza kuleta risasi kabla ya maji. Timu iliyokomaa hujua ni maamuzi yapi ya mwendesha pampu na yapi ya baraza, na imeyaandika.

Msimu ukiisha, chukueni tukio lingine la aina ile ile, kisima na kisima au safari ya chanjo na safari ya chanjo, mhesabu siku tena. Msijilinganishe na Bute wala Wajir mjini, kwa kuwa barabara na umbali si sawa. Jilinganisheni na karatasi yenu ya kwanza. Karatasi hiyo ikae kwa mweka hazina wa kamati, pale Buna. Ikiwekwa ofisini mjini, ofisa atakayehamishwa anaweza kuondoka nayo, na atakayekuja ataanza na dodoso.