Punje Zinazotupiwa Kuku

Mahindi yakishapukuchuliwa, kazi inayofuata ni ya ungo. Punje safi husogezwa upande mmoja. Zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zenye ukungu wa kijani au madoa ya kahawia hukusanywa pembeni, kisha mkono huzirusha uani na kuku huja mbio. Kaya nyingi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa: watoto hawali kibovu, na chakula hakipotei bure.

Kuchambua ni busara. Kosa liko kwenye ule mrusho wa mwisho.

Ukungu huo mara nyingi ni fangasi wanaotengeneza sumukuvu, na ndege wa kufugwa ndio waliofanya sumu hiyo ijulikane. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuelewa, hadi uchunguzi ulipofika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili yakiwa na ukungu. Afrika Mashariki nayo imeijua sumu hii kwa misiba. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Mwaka 2016 zamu ilikuwa ya mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania: waliougua walikuwa 68, waliofariki 20. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Ugali huiva, sumu ikabaki ndani yake.

Kuku anayedonoa punje hizo kidogo kidogo haanguki palepale, na ndiyo maana watu hudhani hazimdhuru. Madhara huja polepole. Ini lake huharibika, mayai hupungua, vifaranga hudumaa. Kinga ya mwili hushuka, na hata chanjo aliyopewa huweza isishike vizuri, kiasi kwamba mfugaji hulaumu dawa wakati tatizo lilianzia kwenye ungo. Bata huathirika upesi kuliko kuku. Tena sehemu ya sumu hubaki mwilini mwa ndege, zaidi kwenye ini, na kiasi kidogo hufika kwenye mayai. Ini laini la kuku na yai la kuchemsha ndivyo vyakula ambavyo mzazi humpa mtoto anayeanza kula. Kwa hiyo punje iliyoondolewa kwenye sahani ya mtoto inaweza kumrudia kwa njia hiyo.

Kanuni ni ileile kwa kiporo cha ugali kilichoota ukungu, mkate, karanga na mashudu. Kukata kipande chenye ukungu hakutoshi, kwa sababu sumu huenda mbali kuliko jicho linavyoona. Wapo pia wanaopeleka mahindi mabovu kwenye pombe ya kienyeji. Kuchachusha hakuiondoi sumu yote. Mahali pa mahindi hayo ni shimoni, yafukiwe mahali ambapo kuku hawawezi kufukua.

Hata hivyo, hakuna haja ya kuyaogopa makombo yote. Jiko la Kiswahili lina mengi yanayomfaa kuku: ukoko wa wali uliolowekwa, machicha ya nazi ya siku hiyohiyo, mashina ya mchicha na sukumawiki, maganda ya papai na tikiti, mbegu za boga, vichwa vya dagaa wasio na chumvi. Muhimu ni kiasi. Kuku wa mayai hula takriban gramu 100 hadi 120 za chakula kwa siku, na wa kienyeji, ambaye ni mdogo zaidi, hula pungufu ya hapo. Ugali na wali humshibisha bila kumpa anachohitaji ili atage. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 tu, wakati kuku anayetaga huhitaji chakula chenye karibu asilimia 16. Dagaa wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, hivyo konzi ndogo ya vichwa vya dagaa ina maana kubwa kuliko sufuria nzima ya kiporo. Kwa kuku aliyefungiwa bandani, makombo yawe nyongeza tu juu ya chakula chake kamili. Anayezunguka uani hujitafutia wadudu na majani, lakini hata yeye hapaswi kulundikiwa. Apewe kinachokwisha ndani ya nusu saa, na kinachobaki kiondolewe kabla ya kuchacha na kuita panya.

Ganda la yai nalo lisitupwe. Kila yai humgharimu kuku karibu gramu 2 za kalisi. Maganda yachemshwe au yakaangwe bila mafuta, yakauke, yasagwe hadi yasifanane tena na yai. Kuku anayezoea ganda bichi huanza kuvunja mayai kwenye kiota.

Vipo vyakula vya kumnyima kabisa. Ganda na kokwa la parachichi vina sumu kwa ndege. Maharage makavu yasiyopikwa humdhuru, lakini yaliyochemshwa sawasawa anaweza kula. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani, pamoja na maganda yake, visitolewe. Maganda mabichi ya muhogo, hasa ule mchungu, yana sumu ya sianidi. Halafu kuna chumvi, ambayo wengi huisahau: ng'onda, papa mkavu, maji yaliyolowekewa samaki wa chumvi. Kuku hushikwa na kiu kali, huharisha maji, na vifaranga ndio hufa mwanzo. Nyama au samaki aliyeoza huweza kumletea sumu inayolegeza shingo hadi kichwa kinaburuzika chini.

Siku ya sikukuu ina hatari yake. Kuku hununuliwa sokoni, huchinjwa nyumbani, na matumbo, manyoya na maji ya kunyonyolea humwagwa uani mbele ya kuku wengine. Ikiwa kuku yule alikuwa amebeba kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ugonjwa umeshaingia. Kideri kinaweza kufagia karibu banda zima lisilochanjwa: kinyesi cha kijani, shingo kupinda, vifo vya mfululizo. Virusi vyake huweza pia kumwasha binadamu macho hadi yawe mekundu. Mabaki yote ya uchinjaji yafukiwe au yachomwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya mtu kuingia bandani. Chanjo ya I-2 inayovumilia joto kuliko chanjo nyingi za kideri hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuku aliyejifia asiliwe, wala asitupiwe mbwa.

Nchi nyingine zimelichukulia suala la kulisha mifugo makombo kwa uzito wa sheria. Baada ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001, ulioanzia kwenye mabaki ya chakula yaliyolishwa nguruwe bila kuchemshwa, Uingereza ilipiga marufuku kulisha mifugo mabaki ya jikoni, na kuku wa nyumbani wamo.

Mahali pa kulishia pana uzito sawa na chakula chenyewe. Makombo yakimwagwa mlangoni mwa jiko, kuku hushinda hapo, na kinyesi chao hubaki hapo. Watafiti waliowafuatilia watoto wachanga vijijini Zimbabwe waliwaona wakitia kinywani udongo na hata kinyesi cha kuku walipokuwa wakitambaa. Kinyesi hicho hubeba vimelea vya kuharisha, salmonela wakiwemo. Basi kuku wawe na chombo chao, mbali na sufuria za nyumba, na sehemu yao ya kulia iwe upande ambao mtoto hatambai. Anayerudi kutoka bandani anawe kwa sabuni kabla ya kushika unga au kumbeba mtoto.

Njia nyepesi zaidi ya kuwaepusha kuku na punje mbovu ni kuhakikisha punje haziozi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasiguse udongo, na yasiingie ghalani yakiwa na unyevu. Kipimo chake kinapatikana katika kila nyumba: chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo. Chupa hufungwa, hutikiswa dakika moja au mbili, kisha huachwa itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani.