Nyumba ya Dola 50 Ndani ya Kilima

Mwaka 1971, kaskazini mwa jimbo la Idaho nchini Marekani, Mike Oehler alihamia ndani ya kilima. Alichimba shimo la futi 10 kwa 12 kwenye mteremko, akasimika nguzo za magogo, akazungushia mbao na nailoni, kisha akaurudisha udongo juu ya kila kitu. Gharama yote ilikuwa dola 50. Mwaka 1975 akaipanua kwa dola 500 hivi, na mwaka 1978 akachapisha mwenyewe kitabu cha kuwafundisha wengine, The $50 and Up Underground House Book, ambacho watu wanaojijengea bila mkopo wa benki wanakisoma mpaka leo.

Mtu akisikia nyumba ya ardhini huwaza pango: giza, unyevunyevu, kuvu ukutani. Hofu hiyo si ya bure. Lakini nyumba inayonuka kuvu imeponzwa na mjenzi wake kuliko na udongo, na kosa lenyewe kwa kawaida ni moja: hakufikiria maji yatapita wapi.

Kwanza suala la joto, maana ndilo linalowavuta wengi. Joto la mchana na baridi ya usiku huishia karibu na uso wa ardhi. Ukishuka mita 6 hivi, joto la udongo hubadilika kidogo sana mwaka mzima, nalo hukaribia wastani wa joto la hewa la mahali hapo. Ndiyo maana katika mji wa Coober Pedy, kwenye jangwa la Australia, wachimbaji wa madini ya opali huishi kwenye nyumba zilizochongwa mwambani zenye nyuzi 23 hadi 25, huku nje jua likipita nyuzi 40. Ardhi inakupa wastani, basi. Anayeishi Kigamboni asijisumbue kuchimba: wastani wa Dar es Salaam ni nyuzi 26 hivi, na atakachopata ni fukuto lilelile pamoja na unyevu. Njombe, Lushoto au Mbulu, kwenye baridi, ni habari nyingine.

Mbulu hasa, kwa sababu huko wazo hili si geni. Wairaqw walichimba nyumba zao ndani ya mteremko na kuzifunika paa la udongo, hata mpita njia asizitambue kwa mbali. Zilikuwa kinga dhidi ya wavamizi waliokuja kupora ng'ombe, na baridi ya nyanda za juu nayo ikabaki nje. Wagogo nao wana tembe, lenye paa bapa la miti na udongo, ambalo linaifaa Dodoma kwa kuwa mvua yake ni haba. Usilihamishie paa hilo Lushoto.

Sasa turudi Idaho. Oehler aliwacheka wanaojenga kile alichokiita nyumba ya wazo la kwanza: unachimba kilima, unaweka madirisha upande wa bondeni tu, na ukuta wa nyuma unauegemeza kwenye udongo. Inaonekana ni akili, hadi mvua inyeshe. Maji yote yanayoteremka kilima hukutana na ukuta ule na kutuama nyuma yake. Mwanga unaingia upande mmoja tu, na moto ukizuka mlangoni huna pa kutokea.

Dawa yake ilikuwa kuchimba ua upande wa juu wa mteremko pia, nyuma ya nyumba. Ua huo huchongwa kwa ngazi za matuta kuelekea kilimani, na mifereji ya pembeni huyachepusha maji kabla hayajaufikia ukuta. Madirisha yanafunguka uani, kwa hiyo chumba cha nyuma, ambacho kingekuwa stoo, kinapata jua na upepo wa kupita, na juu ya hayo mlango wa pili. Kwenye matuta unapanda mboga ambazo unaziona ukiwa umekaa mezani. Paa nalo hufuata mteremko kushuka bondeni, maji yasipate pa kusimama. Kwangu mimi, ua huo una thamani kuliko kitabu kizima.

Ukuta wenyewe ni rahisi kiasi cha kutilia shaka. Nguzo zinasimikwa kwanza, na ncha inayoingia ardhini huvishwa plastiki isioze. Mbao, hata mabanzi, zinapangwa nyuma ya nguzo upande wa udongo, halafu nailoni nyuma ya mbao. Hakuna haja ya kugongomea mbao hizo, kwa sababu udongo unaorudishwa ndio unaozibana kwenye nguzo. Jaza kwa tabaka nyembamba, pande zote kwa zamu, usije ukaisukuma nyumba ikalala. Ondoa kila jiwe lenye ncha, maana tundu moja kwenye nailoni utalijua miezi baadaye, na kulifikia ni lazima ufukue. Kwetu kuna jambo ambalo Oehler hakulitilia maanani sana: mchwa. Penye mchwa, nguzo za zege au kuta za mawe zinalipa gharama yake.

Kwenye paa ndipo ninapotengana na roho ya kujiamini ya kitabu. Udongo uliolowa una uzito unaokaribia tani 2 kwa mita ya ujazo. Sentimita 45 za udongo juu ya chumba kidogo kama kile cha kwanza cha Oehler ni karibu tani 10, yaani lori la mchanga limeegeshwa juu ya kitanda chako. Ukubwa wa boriti na umbali kati ya nguzo mpe mhandisi apige hesabu, hata kama kila kitu kingine unafanya kwa mikono yako.

Mmarekani mwingine, John Hait wa Missoula, Montana, aliliongezea wazo hili la nyumba ya ardhini kipande muhimu katika kitabu chake cha mwaka 1983. Udongo mkavu hutunza joto, ila ukilowa maji huondoka nalo. Kwa hiyo alitandaza chini ya ardhi mwavuli wa plastiki na vizuia joto, unaotokeza mita 6 hivi kuizunguka nyumba. Udongo ulio chini ya mwavuli hubaki mkavu, hujaa joto wakati wa kiangazi na kulirudisha ndani polepole wakati wa baridi.

Kabla ya yote hayo, chimba shimo la majaribio lenye kina cha sakafu unayoitaka, uliache bila kulifukia masika yote na ulifunike mbao ili mtoto au mbuzi asitumbukie. Lichungulie kila baada ya mvua kubwa. Likikauka haraka, endelea na ramani. Maji yakisimama humo kwa siku kadhaa, tafuta mteremko mwingine, au jenga juu ya ardhi na ulundike udongo kwenye kuta tatu, ukiuacha wa nne kwa mlango na madirisha.