SOMO LA WANACHAMA: KASORO ZA RANGI KATIKA GARI JIPYA LA CHAMA

Jinsi ya kuzitambua, kuziandika na kuzidai

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Chama cha msingi kinaponunua gari jipya hufanya jambo ambalo huenda lisirudiwe kwa miaka kumi au zaidi. Fedha hiyo imetoka katika makato ya vitunguu, ya kahawa au ya maziwa, au katika mkopo unaolipwa na wanachama wote. Siku ya kulipokea gari huwa siku ya furaha. Mwenyekiti anataka kurudi Karatu kabla jua halijatua, wanachama wanangoja, na muuzaji ameshaitayarisha karatasi ya makabidhiano yenye maneno haya: "Gari limepokelewa likiwa katika hali njema." Katibu hutia sahihi. Juma moja baadaye, gari linapooshwa kwa mara ya kwanza, michirizi huonekana mlangoni na mapovu madogo juu ya paa.

Somo hili lakusudia kumwezesha msomaji kufanya mambo matatu: kuitambua kasoro ya rangi kabla ya kutia sahihi, kuiandika kwa namna itakayolinda haki ya chama, na kuchagua dawa ya kasoro isiyoleta hasara kubwa kuliko kasoro yenyewe.

1. Rangi si urembo tu

Wako wanachama wasemao kwamba gari hununuliwa kwa ajili ya injini, si kwa ajili ya rangi. Usemi huo una ukweli nusu. Bati la gari ni chuma, na chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Rangi ndiyo nguo ya bati hilo. Nguo ikitoboka, kutu huanza mahali padogo, kisha hutambaa chini ya rangi pasipoonekana.

Katika sehemu zetu nguo hiyo hupata taabu ya pekee. Karatu iko chini kidogo ya Ikweta, katika mwinuko wa karibu meta 1,500, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro wapita meta 2,200. Jua la mahali palipoinuka hivi ni kali kwa rangi. Ukipita lango la Lodoare unaingia katika barabara ya changarawe, ambako mawe hurushwa na magurudumu na ukungu huliacha gari na unyevu asubuhi. Ukiteremka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, unakutana na vumbi lenye magadi. Chumvi na magadi yakichanganyika na unyevu huiharakisha kutu. Kwa hiyo tundu la rangi ambalo mjini lingeweza kungoja mwaka mzima, huku kwetu halifai kungoja.

2. Rangi ya kiwandani ilivyo

Kiwandani bodi la gari husafishwa, hupakwa dawa ya fosfeti, kisha huzamishwa zima katika birika la rangi ya kwanza, ambayo huvutwa na umeme hadi ikashika kila pembe. Hiyo ndiyo rangi izuiayo kutu. Juu yake hupulizwa rangi ya kati, kisha rangi yenyewe, na katika magari mengi ya leo huja vanishi angavu mwishoni.

Unene wa matabaka yote kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150. Unywele wa mtu una kama maikroni 70. Basi rangi yote ya gari jipya haizidi sana unene wa nywele mbili. Vanishi peke yake ni kama maikroni 40 au 50. Tukumbuke hesabu hii, kwa maana kila msuguo wa msasa au wa dawa ya kung'arishia hupunguza akiba hiyo ndogo.

Jambo la pili la kukumbuka ni joto. Kiwandani bodi huokwa likiwa tupu, bila viti, bila nyaya, bila mafuta. Rangi ya kwanza huiva katika joto lipatalo nyuzi 160 au zaidi za Selsiasi. Gari lililokamilika haliwezi kuokwa hivyo, kwani plastiki na mipira yake ingeharibika. Karakana nzuri hutumia joto la nyuzi kama 60 na rangi ya namna nyingine. Hivyo rangi ya karakana yaweza kupendeza, lakini si ile ile ya kiwandani.

3. Namna ya kukagua

Asiende dereva peke yake. Wawe watu watatu: katibu, mjumbe wa bodi au wa kamati ya usimamizi, na mpiga rangi asiye na uhusiano na muuzaji. Ujira wa fundi huyo kwa siku moja ni kitu kidogo ukilinganishwa na bei ya gari.

(a) Gari lioshwe, likaushwe, litolewe nje juani. Gari lenye vumbi au lililolowa lisikaguliwe, kwa sababu maji huificha mikwaruzo. Taa za ndani ya duka nazo huficha mengi.

(b) Kila upande utazamwe kwa kuinama na kulaza jicho, jinsi seremala anavyotazama unyoofu wa ubao. Kivuli cha mti au cha nguzo kikionekana kimepinda juu ya bati, hapo pana jambo.

(c) Itumike ngazi ili paa lionekane. Paa ndilo lipigwalo na jua zaidi, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi.

(d) Milango na boneti vifunguliwe. Zitazamwe kingo za chini, matao ya magurudumu, na vichwa vya bolti za bawaba. Bolti yenye alama za spana, au mpira wa dirisha wenye vumbi la rangi, waonyesha kwamba sehemu hiyo imefunguliwa au imepigwa rangi upya.

(e) Ikipatikana mashine ndogo ya kupimia unene wa rangi, kila kipande kipimwe mahali patatu na tarakimu ziandikwe. Kipande kimoja kikisoma mara mbili ya vingine, kimepigwa rangi tena. Kikisoma mamia mengi ya maikroni, huenda chini yake pana puti, maana yake gari liligongwa kabla ya kuuzwa.

Gari litokalo ng'ambo limesafiri kwa meli hadi bandarini Dar es Salaam, likaegeshwa uwanjani, kisha likaendeshwa au likabebwa hadi Arusha. Kasoro yaweza kuwa ya kiwanda, ya safari au ya duka. Chama hakina wajibu wa kuthibitisha ilitokea wapi. Wajibu wake ni kuthibitisha kwamba ilikuwapo siku ya kupokea.

4. Kasoro na uzito wake

Kasoro nyepesi ni chembe za vumbi zilizonaswa ndani ya rangi, uso wenye vinundu kama ganda la chungwa, na mikwaruzo ya duara iliyoachwa na kitambaa. Hizi haziruhusu kutu. Chembe moja au mbili zaweza kuondolewa kwa kusuguliwa polepole na fundi. Ganda la chungwa, likiwa dogo, heri liachwe. Kulisawazisha ni kuila vanishi.

Kasoro za kati ni michirizi ya rangi iliyoteremka kabla ya kukauka, vishimo viitwavyo macho ya samaki (vitokanavyo na mafuta yaliyokuwa juu ya bati), kipande kisicholingana na vingine kwa rangi, na mahali palipobanduka hadi chuma kikaonekana. Hizi ni juu ya muuzaji kuzitengeneza. Palipo wazi hadi chuma pazibwe kabla gari halijaondoka.

Kasoro nzito ni mapovu, rangi inayobanduka kwa vipande, kutu inayoinua rangi kutoka chini, na puti iliyofichwa. Hizi zaonyesha kwamba rangi haikushikana na bati, au kwamba gari si jipya kama lilivyotajwa. Hapo bodi isikubali kupakaziwa rangi juu. Idai gari jingine au ikatae kulipokea.

Tena iko kasoro ambayo jicho haliwezi kuiona siku ya kwanza. Mwaka 2019 kampuni ya Toyota nchini Marekani ilitangaza mpango wa kutengeneza bila malipo baadhi ya magari yake meupe, kwa kuwa mwanga wa jua ulikuwa umedhoofisha mshikamano wa rangi ya kati na ile ya kwanza, nayo rangi ikabanduka baada ya miaka. Ikiwa hilo laweza kutokea katika kampuni kubwa, basi hati ya dhamana ni mali ya chama. Itunzwe katika sanduku la hati, wala isiachwe ndani ya gari.

5. Sheria inasemaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yatoa mafundisho manne yanayomhusu katibu.

Kwanza, mnunuzi aliyeletewa bidhaa asizozikagua hahesabiwi kuwa amezikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuzikagua. Basi kuomba muda wa kukagua ni haki, wala si ufidhuli.

Pili, mnunuzi huhesabiwa kuwa amekubali akimwarifu muuzaji kwamba amekubali, au akikaa na bidhaa kwa muda wa kutosha pasipo kusema kwamba anaikataa. Kwa hiyo sahihi chini ya maneno "hali njema" ni neno zito, na kimya nacho ni neno.

Tatu, sheria humtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo atoe bidhaa yenye ubora ufaao kuuzika. Lakini mnunuzi akiwa amekagua kabla ya kununua, sharti hilo halimlindi kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Aliyekagua nusunusu yu katika hatari kuliko anavyodhani.

Nne, kuikubali bidhaa hakufuti kila dai. Mnunuzi aliyeshindwa kuirudisha bidhaa aweza bado kudai fidia au upungufu wa bei kwa ajili ya kasoro yake.

Kutokana na fundisho hili la nne hupatikana njia ya kutoka katika shida iwapatayo wengi. Tuchukue mfano. Vitunguu vimeng'olewa, magunia yapo shambani, na gari limekutwa na michirizi na mahali pamoja palipobanduka. Mwenyekiti asema, "Ndugu Katibu, tia sahihi twende; vitunguu vikioza nani atalipa?" Hofu yake ni ya haki. Katibu naye asiseme, "Tuliache gari." Na ajibu, "Ndugu Mwenyekiti, tutaondoka nalo leo, ila nitaandika kwanza tulichokiona." Ndipo ayakate maneno "hali njema" na kuandika mahali pake: "Limepokelewa pamoja na kasoro zilizotajwa katika orodha iliyoambatishwa, haki zote za chama zimehifadhiwa." Muuzaji naye atie sahihi. Akikataa, waandikwe mashahidi wawili, na barua ipelekwe siku iyo hiyo.

6. Barua ya madai

Barua iwe fupi, isiwe na matusi wala vitisho. Itaje: tarehe ya kupokea, namba ya ankra, namba ya chasisi, kasoro moja moja na mahali ilipo, picha, kila moja na tarehe yake, jambo linalodaiwa, na siku ya mwisho ya kujibiwa. Kwa mfano:

"Mlango wa mbele wa kushoto, sentimeta 20 chini ya kitasa: michirizi mitatu. Ukingo wa boneti, upande wa kulia: rangi imebanduka, chuma chaonekana, upana wa punje ya mahindi. Tunaomba mahali palipobanduka pazibwe, na kwa michirizi tupunguziwe bei kama ilivyokadiriwa na fundi. Tunaomba jibu katika siku 14."

Nakala moja iende kwa Afisa Ushirika wa Wilaya, moja ibaki katika jalada. Muuzaji asipojibu, bodi yaweza kutafuta ushauri wa wakili, au kupeleka malalamiko mbele ya Tume ya Ushindani, ambayo imepewa kazi ya kumlinda mlaji kwa sheria ya mwaka 2003.

7. Dawa ipi ikubaliwe

Muuzaji mwepesi husema, "Tutalipiga rangi gari zima." Wanachama husikia neno hilo kama ukarimu. Kama tulivyoona, kulipiga rangi gari zima ni kuikwaruza rangi iliyookwa kiwandani na kuweka juu yake rangi ya karakana. Tena atakayelinunua siku za mbele atauliza kama liligongwa. Kwa kasoro nyepesi na za kati, bora ni matengenezo ya mahali penyewe tu, au kupunguziwa bei. Kipande kikipigwa rangi, chama kipewe dhamana ya maandishi kwa kazi hiyo.

Fedha ya punguzo iingizwe katika vitabu kwa stakabadhi na ipunguze gharama ya gari katika daftari la mali. Punguzo lililolipwa mkononi mwa kiongozi bila stakabadhi ni wizi, hata likiitwa asante.

8. Gari likiisha kufika

Hati za dhamana kwa kawaida hazigharimii madhara ya mawe, ya chumvi wala ya vinyesi vya ndege. Dereva na alioshe gari kwa maji mengi kila litokapo Eyasi au Ngorongoro, pamoja na uvungu wake, wala asipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu. Mahali palipochunwa na jiwe paandikwe katika daftari la safari na pazibwe katika juma hilo hilo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Rangi ya gari nayo ni mali, na mwanzo wa daftari lake ni siku ya kulipokea.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika chama chenu, nani waliteuliwa kupokea mali ya mwisho iliyonunuliwa? Je, orodha ya ukaguzi imo katika jalada?

2. Muuzaji asema kasoro ilitokea melini, si kwake. Mtamjibuje?

3. Kwa nini kupigiwa rangi gari zima kwaweza kuwa hasara?

4. Andikeni kwa pamoja sentensi ambayo katibu ataiandika mahali pa maneno "hali njema".