Mtoto Mzito wa Akili Hana Jini

Ndugu zetu, watu wetu huchanganya mambo mawili: wazimu na uzito wa akili. Wazimu ni maradhi yanayoweza kumpata hata mtu aliyekuwa mwerevu. Mzito wa akili ni yule ambaye tangu utotoni fahamu yake hukua polepole: huchelewa kuketi, kusema, kuvaa nguo na kuhisabu, akibalehe, mwili ni wa kijana na fahamu ni ya mtoto.

Sababu zake ni nyingi. Wengine huzaliwa nao. Wengine hukosa pumzi uzazi unapokawia. Wengine huudhuriwa ubongo na homa ya uti wa mgongo au malaria.

Tutazame Sindo, mji wa wavuvi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay. Upande ule malaria haina msimu, na ndiko Kenya ilikozindulia chanjo yake Septemba 2019. Malaria kali ikishika ubongo, mtoto hupatwa na degedege, kisha huzimia. Ng'ambo ya ziwa hilo, katika hospitali ya Mulago, Uganda, watoto waliopona maradhi hayo walipimwa baada ya miaka 2. Takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu wa fahamu.

Nasi wa pwani tusidhani khabari hii ni ya bara tu. Wako kwetu wanaosema degedege ni ndege wa shetani, na kwamba sindano humwua mtoto. Hufukiza, hufunga hirizi, hata saa za kumwokoa zikapita. Kisha lawama humtwika jini! Si kila degedege huacha dhara, lakini hilo halijulikani kwa kutazama. Mtoto apelekwe hospitali usiku ule ule, na dua tuombe njiani.

Na aliyekwisha dhurika asifichwe chumbani wala asipigwe. Tangu 1984 Kenya ina vituo vya kuwapima watoto hawa na kuwaelekeza shule ziwafaazo. Nyumbani na chuoni afundishwe jambo moja moja, kwa kurudia: kunawa, kuvaa, sura fupi. Akibalehe afundishwe stara, na alindwe sana na waovu.

Sheria yetu imemwondolea taklifa asiyeweza kupambanua. Haikumwondolea haki yake juu yetu. Sura ya Nisaa, aya ya 5, yatuamrisha kuwalisha na kuwavika walio dhaifu wa akili, na kusema nao kwa wema. Basi tuache kuwaita mazuzu.