GARI LINALOPITA HEWANI

Wengi wetu tumewahi kuona bendera ikipandishwa. Kamba ya bendera imezunguka gurudumu dogo lililo juu ya mlingoti. Gurudumu hilo huitwa kapi. Ukivuta upande mmoja kwenda chini, upande wa pili unapanda na bendera yake. Shikeni jambo hilo, maana ndilo somo letu.

Sarajevo ni mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, huko Ulaya. Mji huo uko bondeni, umezungukwa na milima. Mlima uitwao Trebević uko karibu sana na mji. Una misitu na hewa safi, na watu wa mjini hupenda kupumzika huko. Mwaka 1959 walianza kupandishwa mlimani kwa gari la waya. Gari hili halikanyagi barabara. Linaning'inia hewani.

Linakwendaje?

Kuna kituo chini ya mlima, na kingine juu. Kila kituo kina gurudumu kubwa, mfano wa kapi. Waya mnene, uliosukwa kwa nyuzi za chuma, umezunguka magurudumu yote mawili. Katikati unashikiliwa na minara. Mota ya umeme huzungusha gurudumu, na waya nao unazunguka. Vibanda vya abiria vimeushika waya, basi vinakwenda nao. Vingine vinapanda, vingine vinashuka. Uzito wa vinavyoshuka husaidia kuvuta vinavyopanda. Kwa hiyo mota haibebi mzigo wote peke yake.

Vita vilipoingia

Mwaka 1992 vita vilianza, na mji ukazingirwa karibu miaka minne. Mlima uliokuwa wa furaha ukawa wa hofu, maana mizinga ilipiga mji kutoka huko. Gari la waya likaharibiwa.

Vita vikaisha, lakini hatari ilibaki. Mabomu yalikuwa yametegwa ardhini. Bomu la namna hiyo halijui kwamba vita vimekwisha. Humlipukia hata mtoto anayeokota kuni. Ilibidi mafundi wayatafute na kuyaondoa polepole.

Gari lilianza tena tarehe 6 Aprili, 2018. Mwanasayansi wa Uholanzi, Edmond Offringa, ambaye mkewe ni mwenyeji wa Sarajevo, alichanga fedha nyingi. Vibanda vipya ni 33, na kila kimoja huchukua watu 10. Safari ni zaidi ya kilometa 2, nayo huchukua dakika kama 7 tu.

Hebu tupige hesabu. Kutoka 1992 mpaka 2018 ni miaka 26. Mtoto aliyezaliwa mwaka vita vilipoanza alikuwa mtu mzima kabla ya kupanda gari hilo. Kubomoa ni kazi ya siku moja, kujenga upya ni kazi ya miaka. Nasi tunayo mali ya wote: kisima, daraja, zahanati. Tuitunze kabla haijaharibika.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mota ya gari la waya haibebi mzigo wote?
2. Kwa nini watu waliogopa mlima hata baada ya vita?
3. Ni mali gani ya wote kijijini kwenu inayohitaji kutengenezwa? Nani aanze?